Ibn Rushd: Kadhi Aliyewasomesha Wazungu Aristotle

Ndugu msomaji, kila Ramadhan ikikaribia huwa tunabishana jambo lile lile: mwezi ukiandama nchi nyingine, je, na sisi tufunge? Zaidi ya miaka 800 iliyopita kadhi mmoja wa Andalusia alilitia suala hilo kwenye kitabu chake Bidayat al-Mujtahid, akazipanga rai za maulamaa na dalili zao. Kadhi huyo ni Ibn Rushd. Sisi wa madrasa twamjua kwa fiqhi. Kumbe Ulaya wanamjua kwa jambo jingine kabisa.

Alizaliwa Cordoba mwaka 1126 (520 Hijria) katika nyumba ya elimu. Babu yake pia alikuwa kadhi wa mji huo. Akasoma fiqhi ya Maliki, utabibu na falsafa. Mwaka 1169 akawa kadhi wa Sevilla, kisha Cordoba, na mwaka 1182 akawa tabibu wa Khalifa Abu Yaqub Yusuf huko Marrakesh.

Khalifa huyu alipenda vitabu vya Aristotle, Mgiriki aliyekufa mwaka 322 kabla ya Nabii Isa (AS), lakini vilikuwa vigumu kufahamika. Ibn Tufayl, tabibu aliyemtangulia, ndiye aliyemtaka Ibn Rushd avifafanue. Kigiriki hakukijua, alitegemea tarjuma za Kiarabu zilizofanywa zamani, nyingi zake Baghdad. Basi huku anahukumu kesi, huku anaandika sharhi: fupi, za wastani na ndefu.

Kulikuwa na watu waliouliza, Mwislamu ana haja gani na elimu ya makafiri? Jawabu lake lilikuwa la kifiqhi. Kisu kikitimiza masharti ya kuchinja, hatuulizi aliyekifua ni wa dini gani. Mantiki nayo ni chombo. Lililo sawa tulichukue tushukuru, lililo kosa tulitahadhari.

Jawabu hilo halikumwokoa. Mwaka 1195 Khalifa al-Mansur alimhamishia Lucena, na vitabu vya falsafa vikaamriwa vichomwe moto. Baadaye alisamehewa, akarudi Marrakesh, na huko akafariki Desemba 1198.

Lakini sharhi zake hazikufa. Mayahudi walizitia kwa Kiebrania, na mapema karne ya 13 Michael Scot akatia kadhaa kwa Kilatini. Katika vyuo kama cha Paris, ukisema Mfafanuzi, bila jina, kila mtu alijua ni Ibn Rushd. Thomas Aquinas, padri mkubwa wa Kikatoliki, alimsoma na akampinga, lakini hakuweza kumpuuza. Kwa hiyo wewe uliye chuoni, ukisikia habari za Aristotle kana kwamba zilitoka Athens moja kwa moja hadi Ulaya, jua kuna kituo kimerukwa njiani.

Mwili wake ulihamishwa ukazikwe Cordoba. Ibn Arabi, aliyekuwepo, amesimulia kuwa jeneza lilipakiwa upande mmoja wa mnyama, na upande wa pili vikawekwa vitabu vyake ili mzigo ulingane.

Ndugu yangu, mtu huyu aliandika hukumu za swaumu na akafafanua Aristotle kwa kalamu ile ile. Usikubali kuambiwa uchague moja, msikiti au maktaba. Yeye hakuchagua. Wallahu aalam.