Gakaara wa Wanjau: Mwandishi wa Karatina Asiyejua Likizo

Mwanafunzi wa fasihi ya Kenya huzoea kumtafuta mwandishi chuoni, au katika majumba ya uchapishaji jijini Nairobi, au katika miji ya mwambao ambako tenzi zimehifadhiwa katika miswada kwa karne nyingi. Ni nadra kumtafuta katika mji wa soko. Karatina, mji ulio karibu na kilima cha Tumutumu huko Mathira, Nyeri, hujulikana zaidi kwa viazi, kabeji na mitumba kuliko kwa vitabu. Hata hivyo, hapo ndipo Gakaara wa Wanjau alipokita kazi yake. Alizaliwa mwaka 1921, akafariki mwaka 2001, na katika miaka hiyo 80 alikuwa mwandishi, mtunzi wa nyimbo, mhariri, mchapishaji, mwuzaji wa vitabu vyake mwenyewe na mfungwa wa kisiasa. Makala haya yanamwangalia hasa katika ada zake za kazi: alilelewa katika maandishi gani, aliona nini, nini kilimsukuma kuandika, na ilikuwaje kazi hiyo haikukoma hata serikali ilipompeleka mahali ambapo kalamu na karatasi vilikuwa magendo.

Tumutumu ilikuwa misheni ya Kanisa la Scotland tangu mwaka 1908, na baba yake Gakaara alikuwa mchungaji wa kanisa hilo. Kwa hiyo mtoto huyu alikuta maandishi nyumbani kabla hajajua kuyasoma. Agano Jipya kwa Kigikuyu lilitoka mwaka 1926. Miaka miwili baadaye likaja Muigwithania, gazeti ambalo Jomo Kenyatta alilihariri kwa niaba ya Kikuyu Central Association. Ni muhimu kuyaweka mawili haya pamoja. Mtoto wa Tumutumu wa wakati ule alikua katika lugha iliyochapwa kwa nia mbili: moja ya kuokoa roho, nyingine ya kudai ardhi. Gakaara hakuwahi kuiacha hata moja kati ya hizo, na anayesoma maisha yake kama safari ya kutoka kanisani kwenda kwenye siasa atakuwa amekosa jambo la msingi.

Mwaka 1939 aliingia Alliance High School, akaondolewa mwaka uliofuata baada ya mgomo wa wanafunzi. Akajiunga na jeshi la Waingereza akiwa karani. Wakati yeye yuko jeshini, Karatina ilikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi. Wakulima wa Mathira walihimizwa kulima kwa wingi, kisha vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa licha ya malalamiko yao. Askari nao walirudi wakiwa wamezoea kusoma barua na magazeti, wakakuta ardhi ni ileile finyu na kipande ni kilekile. Hawa ndio waliokuwa wasomaji wa baadaye: makarani, wachuuzi, walimu wa shule za msingi, watu waliojua kusoma Kigikuyu na Kiswahili lakini ambao hakuna mchapishaji aliyewafikiria.

Gakaara aliwafikiria. Mwaka 1946 yeye na wenzake walianzisha kampuni waliyoiita African Book Writers, na mwaka huohuo akatoa Uhoro wa Ugurani, hadithi ya mahari na mapenzi ya vijana. Kilikuwa kijitabu chembamba. Wahakiki wengi wamezoea kudharau vijitabu vya aina hii, kama wanavyodharauliwa ndugu zao wa soko la Onitsha kule Nigeria, kwa kuwa havitimizi vigezo vya riwaya. Dharau hiyo haina mashiko. Suala la kijana asiye na mifugo wala shamba, anayetaka kuoa katika nchi ambayo kila kitu kimepanda bei, lilikuwa suala la kisiasa kabla hata mtu hajalitaja kwa jina hilo.

Kisha kuna kitabu kinachotuhusu moja kwa moja sisi wa Kiswahili. Mwaka 1948 Gakaara alitoa Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Si kwa Kigikuyu; kwa Kiswahili. Jina lenyewe latosha kutuonyesha msomaji aliyekusudiwa. Si mtu wa nyumba ya Mumbi pekee, bali Mwafrika, yeyote aliyetumikishwa katika mashamba ya walowezi na kukutana na wenzake wa makabila mengine kwa lugha hii. Mwaka 1952 alitoa Mageria nomo Mahota, jina lililochukuliwa kutoka methali ya Kigikuyu inayomsifu mwenye kujaribu, nalo likaendeleza wito uleule kwa watu wa nyumbani. Mwandishi mmoja, hoja moja, hadhira mbili, lugha mbili. Wanaodai kwamba mapenzi ya lugha ya mama hayana budi kuipiga vita lugha ya taifa wangefanya vyema kuanzia hapa, na wanaodai kinyume chake vilevile.

Mwaka huo wa 1952 ulikuwa wa kazi nyingi mno. Alichapisha nyimbo za kisiasa, na akatunga Witikio wa Gikuyu na Mumbi, ungamo la imani lililofuata muundo wa ungamo la mitume linalosomwa kanisani. Mwana wa mchungaji alichukua chombo alichokijua tangu utotoni, akakitia yaliyomo mapya: ardhi, wahenga, viongozi wa chama. Msomaji wake hakuhitaji kufafanuliwa mdundo. Alikuwa ameukariri kila Jumapili. Hapo ndipo nguvu ya maandishi yale ilipokuwa, na ndiyo sababu serikali haikuyaona kuwa mchezo. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa katika wimbi la kwanza.

Alikaa kizuizini hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Kituo kinachostahili kutajwa zaidi katika jarida kama hili ni kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Kambi yao iliitwa Takwa, jina la mji wa kale wa Waswahili ambao magofu yake, pamoja na msikiti wenye mnara juu ya kibla, yako kisiwani humo hadi leo. Yaani mwandishi wa Kigikuyu alifungiwa mwendo mfupi wa mashua kutoka mji uliotunza hazina kubwa ya ushairi wa Kiswahili, jirani na Pate iliyoombolezwa na Sayyid Abdallah katika Al-Inkishafi. Hakuna aliyemleta pale kwa ajili ya fasihi. Lakini huwezi kuusoma uandishi wake wa kizuizini bila kufikiri kwamba pwani ile imezoea watu wanaoandika mbele ya magofu.

Huko ndiko alikoandika kwa siri shajara iliyompa jina. Kwa mtazamo wa nje, kizuizi kina sura ya mapumziko ya kinyume: siku hazina kazi uliyoichagua, juma halina mwisho, na hakuna anayekungoja na mswada. Wengi waliishi wakihesabu miezi. Gakaara alihesabu watu. Aliandika majina ya waliokuwa naye, mambo ya kila siku ya kambi, na barua kati yake na mkewe. Kazi ya karani aliyoijifunza jeshini ilimfaa hapa kuliko ustadi wowote wa kisanaa, maana mtunzi hutafuta tukio kubwa ilhali karani huandika lililotokea Jumanne.

Sehemu ya Athi River ni ngumu zaidi, na wanaomtukuza huipita upesi. Kambi hiyo iliendeshwa chini ya mpango wa kuwarekebisha wafungwa, na maafisa wake waliathiriwa na vuguvugu la Moral Re-Armament lililosisitiza toba. Gakaara aliandika michezo iliyoigizwa pale chini ya macho ya maafisa hao. Je, alisaliti? Kwa maoni yangu swali hilo limeulizwa vibaya. Mtu aliyeweza kuvika siasa vazi la ungamo la kanisa alijua vyema kwamba umbo na imani si kitu kimoja, na maandishi yanayotolewa kifungoni hayawezi kupimwa kwa mizani ya mtu aliye huru. Hata hivyo michezo ile aliiandika, na mhakiki mwaminifu hana budi kuihesabu pamoja na nyimbo.

Alipotoka alirudia kazi ileile kana kwamba alikuwa ameiacha juzi. Alianzisha jarida la Gikuyu na Mumbi, na mwishowe Gakaara Press ikawa na makao yake Karatina. Katika jarida hilo alimzaa Wa-Nduuta, mhusika wa kuchekesha ambaye visa vyake viliendelea toleo baada ya toleo na kuichungulia Kenya huru kwa jicho la mtu wa kawaida. Mfululizo una nidhamu yake. Mwandishi wa riwaya anaweza kungoja msukumo hata mwaka mzima. Mwandishi wa mfululizo ana tarehe. Akiwa pia ndiye mchapishaji, hana wa kumwomba muda. Mji wa soko nao humpa alichokihitaji, watu kutoka kila upande wakiwa na habari zao, na baadhi yao wakiwa na shilingi ya kununulia kijitabu kabla ya kupanda gari la kurudi nyumbani.

Shajara ilitoka mwaka 1983 kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithamirio-ini, ikachapishwa na Heinemann ya Kenya. Ilikuwa imepita miaka 31 tangu kukamatwa kwake. J. M. Kariuki alikuwa amesimulia kizuizi chake kwa Kiingereza mwaka 1963, na kitabu chake kikasomwa ulimwenguni. Gakaara aliitoa habari yake kwa lugha ya waliofungwa naye, miaka mitatu tu baada ya Ngũgĩ wa Thiong'o kutoa Caitaani Mũtharaba-inĩ, naye pia aliyoiandika kifungoni. Mwaka 1984 shajara hiyo ilipata Tuzo ya Noma, ikiigawana na mkusanyiko wa hadithi wa Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata mwaka 1988. Katikati ya sifa hizo, mwaka 1986, wakati wa msako wa kundi la Mwakenya, alikamatwa tena akiwa mtu wa miaka 65.

Katika uzee wake alishughulikia tahajia. Kiswahili kilipata kamati yake ya usanifishaji mwaka 1930, na leo hakuna mwanafunzi anayeuliza kwa nini kaa na choo huandikwa kwa irabu mbili. Kigikuyu kilichoandikwa kimisheni hakikuwa na utaratibu thabiti kuhusu urefu wa irabu, na Gakaara alipigania uandikwe. Jina lake mwenyewe, lenye irabu mbili katikati, ni sehemu ya hoja hiyo.

Nakala za karatasi zake ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wanahistoria wamezitumia, na wataalamu wa fasihi ya Kigikuyu pia. Karatina sasa ina chuo kikuu chake, kilichopata hati mwaka 2013, na Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika bado inangoja mwanafunzi wa Kiswahili atakayeifanyia tasnifu.