Denis Burkitt: Daktari Aliyeuliza Ugonjwa Watoka Wapi



Hapa kwetu Fizi na Baraka, mtu akiumwa tumbo siku nyingi, akakonda, tumbo likajaa maji au akatapika damu, swali la kwanza nyumbani huwa ni: nani? Alikula kwa nani? Alikunywa na nani? Upesi jina la karuho linatajwa, na kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali, jirani fulani amekwisha kuhukumiwa. Sisi wachungaji tumeitwa katika nyumba za namna hiyo, na tunakiri kwamba si kila mara tulisema neno lililofaa. Kwa sababu hiyo tumependa kuwasimulia maisha ya Denis Burkitt, Mkristo na daktari wa upasuaji aliyetumika karibu miaka 20 katika Uganda, jirani yetu. Yeye pia aliona matumbo mengi yaliyovimba. Lakini aliuliza swali lingine: ugonjwa huu unapatikana wapi, haupatikani wapi, na watu wa kule wanaishi namna gani?

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, upande wa kaskazini wa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na mpenda ndege. Aliwafunga ndege wa bustanini pete ndogo miguuni, akachora ramani ya eneo la kila mmoja. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo angekuja kuchora ramani za magonjwa. Alipokuwa na miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilimwondolea jicho la kuume. Tangu siku hiyo alitazama dunia kwa jicho moja.

Aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi. Huko alijiunga na wanafunzi waliokuwa wakikutana kwa maombi na kusoma Neno, akayatoa maisha yake kwa Kristo. Baadaye akawa na hakika kwamba Mungu alimtaka katika kazi ya udaktari, akabadili masomo, akahitimu mwaka 1935. Alipoomba kutumwa Afrika kwa kazi ya serikali alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Vita vya pili vya dunia vikamleta mwenyewe Afrika Mashariki kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapokelewa kufanya kazi Uganda. Alikuwa amemwoa Olive mwaka 1943, na mama huyo alihama pamoja naye.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini ya Uganda. Kule wanaume wengi walikuja kupasuliwa busha. Daktari mwingine angepasua tu na kumwita anayefuata. Burkitt aliandika kila mmoja ametoka kijiji gani, akagundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya wagonjwa walikuwa wengi, na upande wa magharibi wachache sana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1951. Alikuwa amejifunza kwamba daftari la hospitali, likiandikwa vizuri, laweza kuonyesha njia ambayo kisu hakiioni.

Mwaka 1957 alikuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwenzake, daktari Hugh Trowell, alimwita aone mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya pande zote. Baada ya majuma machache, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, na tumboni mwake pia mlikuwa na uvimbe. Burkitt akarudi kwenye madaftari ya Mulago. Akaona kwamba uvimbe wa mataya na uvimbe wa ndani ya tumbo, katika mafigo, ini na ovari, ambao watu waliuhesabu kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa saratani moja. Aliandika habari hiyo mwaka 1958, na leo dunia yote inaiita limfoma ya Burkitt.

Kisha akauliza tena swali lake: inapatikana wapi? Alituma karatasi zenye picha zipatazo 1,000 kwa madaktari wa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika. Majibu yalipokuja alipiga alama kwenye ramani. Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu, akasafiri na marafiki wawili, Ted Williams, daktari mmisionari wa Kuluva, na Cliff Nelson. Walikwenda kama maili 10,000 kuelekea kusini ya Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama ugonjwa ule umeonekana. Ramani ilionyesha kwamba unafuata mahali penye joto na mvua nyingi, na kwamba katika milima mirefu, kama ile ya Rwanda na Burundi, ni nadra. Mwaka huo huo alifundisha London, na msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akaomba vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein na wenzake walitangaza kuona virusi ndani ya chembe za uvimbe ule. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuonekana katika saratani ya mwanadamu. Tena Burkitt aliwapa watoto dawa za saratani, na wengine ambao kisu kisingewaokoa walipona.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutana na Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini, aliyeamini kwamba magonjwa mengi ya Ulaya yanatokana na sukari na unga mweupe uliokobolewa. Wengi walimdharau Cleave. Burkitt alimsikiliza, maana alikumbuka mambo aliyoyaona Mulago. Kule Ulaya alikuta wodi zimejaa ugonjwa wa kidole tumbo, bawasiri, mawe ya nyongo, vifuko katika ukuta wa utumbo, na saratani ya utumbo mpana. Katika vijiji vya Afrika magonjwa hayo yalikuwa machache.

Hakuwa na maabara kubwa. Aliandikia hospitali za misheni zaidi ya mia moja, akiomba kila mwezi zimwambie ni wagonjwa wangapi wa magonjwa hayo wameonekana. Tuwatazame waliomjibu: madaktari na wauguzi wa hospitali za aina ya ile ya Nundu hapa kwetu, waliochoka, wenye taa ya mafuta na kalamu moja. Elimu ambayo baadaye ilisomwa katika vyuo vikubwa ilianzia katika madaftari yao.

Pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa London alipima pia safari ya chakula tumboni. Watu walimeza vipande vidogo vinavyoonekana katika radiografia, kisha choo chao kikapimwa. Mwaka 1972 walitangaza kwamba wanavijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliokula mkate mweupe walitoa karibu gramu 100 tu, na chakula chao kilikaa siku tatu au zaidi. Burkitt aliamini kwamba tofauti inatokana na nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliyeyushi: maganda ya maharagi, pumba za nafaka, majani, matunda. Aliitangaza habari hiyo katika nchi nyingi, bila haya ya kuzungumza juu ya choo mbele ya wakuu.

Mara nyingi alionyesha picha ya beseni linalofurika maji. Watu wanapangusa sakafu kwa bidii usiku na mchana, na hakuna anayefunga bomba. Alijihesabu mwenyewe kati ya wale wapangusaji, maana mpasuaji hushika kazi wakati maji yamekwisha kumwagika.

Je, alisema kweli katika yote? Hapana, na tunamheshimu zaidi tukilisema hilo. Magonjwa mengine yalionekana machache Afrika kwa sababu watu wachache walifikia uzee, na wachache walifikia hospitali yenye vyombo vya kuyagundua. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani hayakuona kwamba kuongeza nyuzinyuzi kunazuia vinyama vya utumbo kurudi ndani ya miaka michache. Lakini utafiti wa watu wengi kwa miaka mingi umeendelea kuonyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi hupata saratani ya utumbo mpana kwa uchache zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na gramu 400 za mboga na matunda.

Burkitt alilala mauti mwezi wa tatu mwaka 1993, akiwa na miaka 82. Wanaomkumbuka husema kwamba alianza siku kwa Neno na maombi, na kwamba sifa za watu hazikumpandisha kichwa. Rafiki yake Trowell, aliyemwita siku ile Mulago, naye alipostaafu alibarikiwa kuwa mchungaji.

Wapendwa, tufanye nini na maisha haya?

Kwanza, tumbo likivimba au damu ikitoka, juu au chini, tuanze hospitali. Kando ya ziwa letu Tanganyika kuna kichocho cha tumbo, kinachoingia mwilini kupitia maji na kuharibu ini pole pole, hata mtu anavimba tumbo na kutapika damu. Kuna homa ya ini ya aina ya B, inayokaa mwilini miaka mingi bila kujulikana. Kuna pombe kali, na kuna karanga na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo sumu yake huleta saratani ya ini. Kichocho kina dawa. Homa ya ini B ina chanjo kwa watoto. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji jirani wa kulaumiwa. Tuombe kwa ajili ya mgonjwa, ndiyo, na tuombe tukiwa njiani kumpeleka.

Pili, tusione haya kwa chakula chetu. Maharagi, sombe, lengalenga, mahindi yasiyokobolewa, maembe na mapapai si chakula cha maskini tu. Siku hizi katika soko la Baraka, biskuti, mkate mweupe na soda vimekuwa alama ya mtu aliyefanikiwa, hata wageni wa kanisa tunawapokea kwa hivyo. Tuwapokee kwa kile ambacho Mungu ameotesha katika mashamba yetu.

Tatu, ninyi wauguzi wa vituo vyetu vya afya, andikeni madaftari yenu kwa uaminifu: umri, kijiji, ugonjwa. Mnaweza kudhani hakuna anayeyasoma. Waliomjibu Burkitt pengine nao walidhani hivyo.

Na sisi wachungaji, siku tutakapoitwa tena katika nyumba yenye kilio na shutuma, tukatae kuuliza nani. Bwana wetu, wanafunzi walipomwuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, hakuwapa jina la mtu yeyote. Alishughulika na yule kipofu.