Niels Bohr na jengo lililoficha dhahabu chupani

JENGO namba 17 katika barabara ya Blegdamsvej mjini Copenhagen, Denmark, halina fahari ya kasri. Hata hivyo, ndani ya kuta zake ndimo ilimozaliwa sehemu kubwa ya fizikia inayofundishwa leo vyuoni, na hadi sasa linatumiwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Aliyelipigania hadi likajengwa ni Niels Bohr.

Bohr alizaliwa mjini humo Oktoba 7, 1885. Baba yake alikuwa profesa wa fiziolojia; mama yake, Ellen Adler, alitoka katika familia ya Kiyahudi yenye benki, nasaba ambayo baadaye ingemtia mwanawe hatarini. Mwaka 1913, baada ya kufanya kazi Uingereza chini ya Ernest Rutherford, alieleza kuwa elektroni huzunguka kiini cha atomu katika njia maalumu tu, na hutoa mwanga zinaporuka kutoka njia moja hadi nyingine.

Mwaka 1916 alipewa uprofesa, lakini hakuwa na maabara. Aliomba, akachangisha, akasimamia ujenzi hadi afya yake ikayumba. Taasisi ilifunguliwa Machi 3, 1921, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Humo ndimo Dirk Coster na George de Hevesy walikogundua elementi ya hafniamu, iliyopewa jina la Kilatini la Copenhagen. Vijana kama Werner Heisenberg na Paul Dirac walikwenda kujifunza, na zaidi kubishana, kwa kuwa Bohr alipenda hoja kuliko heshima za vyeo.

Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, taasisi hiyo iligeuka kimbilio la wasomi waliofukuzwa. Wajerumani wawili, Max von Laue na James Franck, walihifadhi humo nishani zao za Nobel. Kutoa dhahabu Ujerumani lilikuwa kosa kubwa, na majina yao yalichongwa juu yake. Hivyo, Denmark ilipovamiwa Aprili 9, 1940, hofu ilikuwa juu ya maisha ya Laue, aliyekuwa bado Ujerumani. De Hevesy alishauri zizikwe. Bohr akakataa, akihofia kwamba zingefukuliwa. Ndipo De Hevesy akaziyeyusha katika mchanganyiko wa asidi ya naitriki na hidrokloriki. Askari walilipekua jengo, wakaipita chupa ile.

Septemba 1943, Bohr alidokezwa kuwa angekamatwa, akavuka bahari usiku kwa mashua hadi Sweden. Ndege ya kijeshi ikampeleka Uingereza akiwa katika sehemu ya kubebea mabomu; alizimia njiani kwa kukosa oksijeni. Kutoka huko alikwenda Los Alamos, Marekani, kulikotengenezwa bomu la atomiki. Alitaka siri hiyo ijadiliwe mapema na Urusi ili kuepusha mashindano ya silaha, lakini Winston Churchill, waliyekutana mwaka 1944, hakumsikiliza na akamshuku.

Baada ya vita, chupa ilikutwa rafuni. Dhahabu ilitenganishwa na asidi, ikapelekwa Sweden, nishani zikafuliwa upya kwa wenyewe. Bohr alifariki Novemba 18, 1962, na mwaka 1965 taasisi ikapewa jina lake.