Uzee wa Nabongo Mumia

Sisi watu wa pwani tukimtaja Nabongo Mumia, aghalabu humtaja kwa wema. Misafara ya wazee wetu iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda Busoga na Buganda ilipata kwake chakula na mahali pa kupumzika. Mwenyewe akasilimu, na mpaka leo adhana husikika Mumias. Lakini mimi niliwahi kukaa Amagoro, jirani na Malaba, katika nchi ya Wateso, na huko nilikutana na Mumia mwingine. Tangu hapo naona kwamba anayetaka kumjua mtu huyu na aanze na ukongwe wake, kisha ndipo arudi kwenye ujana.

Serikali ya Kiingereza ilipomstaafisha mwaka 1926 alikuwa na umri wa miaka 77 hivi. Aliishi miaka 23 zaidi. Hebu fikiri, ndugu msomaji: miaka 23 ya kukaa barazani na kuyatazama yale uliyoyajenga yakichukuliwa moja moja.

Alikuwa mwana wa Nabongo Shiundu wa Wawanga, naye alirithi kiti mnamo 1882. Joseph Thomson alipopita mwaka uliofuata, misafara ilikuwa bado inauita mji wa Elureko kwa jina la baba yake. Kiti chenyewe kilikuwa cha miiba. Upande mmoja Waluo wa Ugenya, upande wa pili Wabukusu, upande wa tatu Wateso, na wote hao walikuwa wamekwisha kupigana na Wawanga. Mfalme aliyezingirwa hivyo hutafuta rafiki wa mbali. Wafanyabiashara wetu walikuja kununua pembe za ndovu na, tusifichane, watumwa pia. Nao walikuwa na bunduki. Mumia akawakirimu. Mwaka 1885 akampokea Askofu Hannington, aliyekwenda kuuawa Busoga. Kisha wakaja Waingereza, wenye bunduki nyingi zaidi, nao akawakirimu vilevile.

Ukarimu ule ulikuwa na hesabu ndani yake. C. W. Hobley alifika mwaka 1895, na mwaka huo huo Wabukusu wakapigwa vibaya katika ngome zao za Lumboka na Chetambe, na Wawanga walikuwa upande wa waliopiga. Mwaka 1909 Mumia akafanywa Chifu Mkuu. Ndugu zake wakapewa nchi za watu: Murunga akawekwa juu ya Wabukusu, Kadima kwa Wasamia, Mulama kwa Wamarama. Wateso nao hawakusalimika na mawakala wa Kiwanga. Mtu anayedaiwa kodi ya kibanda hamwoni Mwingereza aliye ofisini. Humwona yule aliyesimama mlangoni pake, asiyejua hata lugha yake. Mzee mmoja wa Amagoro, mkongwe kwelikweli, kila nilipomsifu Mumia mbele yake alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza habari za mvua.

Basi wageni wakaanza kuondoka. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na misafara ikakosa haja ya kupitia kwa Mumia. Mwaka 1920 makao ya serikali yakahamishiwa Kakamega. Mwaka 1926 cheo kikaondoka, wala hakuteuliwa mwingine wa kukishika. Dhahabu ilipogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, Wazungu walimiminika Kakamega, si Elureko. Katika miaka hiyo hiyo Mulama naye akaondolewa Marama, na watu waliotawaliwa na Wawanga wakazidi kudai machifu wa damu yao wenyewe.

Hapo ndipo ninapojifunza mimi. Mzee yule aliwafungulia mlango wenye nguvu wote waliopita, na hakuna hata mmoja aliyebaki kuketi naye. Waliobaki ni wale wale aliowakuta siku ya kwanza: Mluo, Mbukusu, Mteso. Dini yetu imeipa haki ya jirani uzito ambao mara nyingi tunaukumbuka tukiwa tumekwisha kuzeeka. Wala sisemi haya kwa kumhukumu. Lau angewafungia mlango Waingereza, huenda Wawanga ndio wangepigwa Chetambe yao. Tena tusijitoe sisi wa pwani katika hesabu hiyo, maana bunduki za kwanza alizoziegemea zilitoka kwetu.

Jambo moja hakunyang'anywa. Wageni wa pwani wenye mali walirudi kwao, lakini baadhi ya wapagazi na walimu wa madrasa walioa wakakaa, na vizazi vyao vikawa watu wa Mumias. Alipofariki mwaka 1949, umri wake ukikadiriwa kuwa miaka mia, Waislamu walikuwa na mizizi katika mji wake. Wawanga wakamtawaza Shitawa kuwa Nabongo. Cheo cha Chifu Mkuu hakikurudi tena.