Achille Gaggia, Mwenye Mkahawa Aliyeushinda Mvuke

Achille Gaggia alizaliwa mjini Milan, kaskazini mwa Italia, mwaka 1895, akafariki mwaka 1961. Hakuwa jemadari wala waziri, bali mtu wa kawaida aliyejipatia riziki kwa kuwapikia watu kahawa. Tumemchagua kwa sababu askari na polisi kadhaa walioko Gisenyi, mji ambao sasa huitwa pia Rubavu, wametuuliza swali ambalo jibu lake limo katika maisha ya mtu huyu: je, yafaa mwenye mshahara wa askari anunue ile mashine ndogo, ya bei nafuu, ya kupikia kahawa ya espreso nyumbani? Wako waliokwisha piga hesabu ya kuchukua mkopo wa Zigama kwa ajili hiyo. Mtu akifikia kukopa, swali lake halistahili kuchekwa.

Gaggia alipoanza kazi, mashine za espreso zilikuwapo tayari. Bwana Angelo Moriondo wa Turin alikuwa amepata hati ya uvumbuzi mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akamfuata mwaka 1901. Mashine hizo zilikuwa mitungi mirefu ya shaba, yenye kung'aa kama vifungo vya sare siku ya gwaride, na kazi yote ilifanywa na mvuke. Maji yalichemshwa ndani ya mtungi uliofungwa, mvuke ukajikusanya juu yake, ukayasukuma maji yapite katika unga wa kahawa. Kasoro ilikuwa mbili. Kwanza, mvuke huo haukuwa na nguvu ya kutosha: ulisukuma kwa takribani mara moja na nusu tu ya mgandamizo wa hewa. Pili, ili kupata hata hiyo nguvu kidogo, ilikuwa lazima maji yawe ya moto kupita kiasi, nayo yakaunguza kahawa. Kikombe kilitoka upesi lakini kichungu, chenye ladha ya moshi.

Ladha hiyo ndiyo iliyomsumbua Gaggia. Mwenye mkahawa huwaona wateja wake usoni wanapomeza, naye aliona wakikunja nyuso. Mwaka 1938 alipata hati ya uvumbuzi wa namna ya kuyasukuma maji kwa nguvu ya chombo badala ya mvuke. Wakati wake haukuwa mzuri. Italia ilikuwa imeivamia Ethiopia Oktoba 1935 na kuwekewa vikwazo na Shirikisho la Mataifa, kisha ikaingia katika Vita Vikuu vya Pili Juni 1940. Kahawa ikaadimika, watu wakanywa shayiri iliyokaangwa. Agosti 1943 mji wa Milan ulipigwa mabomu vibaya sana.

Hapa kuna hadithi ambayo wanajeshi huipenda, kwamba Gaggia alipata wazo lake kwa kutazama mitambo ya gari la jeep la jeshi la Marekani. Sisi tungefurahi iwe kweli, kwa kuwa ingelipa jeshi sehemu ya sifa. Lakini hati ya 1938 ilitangulia kuja kwa Wamarekani, na hata jeep yenyewe ilikuwa haijaundwa. Huenda gari hilo lilimfundisha jambo baadaye. Wazo la kwanza lilikuwa lake mwenyewe.

Vita vilipokwisha, mwaka 1947, akaja na chombo kilichombadilishia dunia kinywaji chake. Mpikaji alivuta wenzo chini, springi nzito ikajibana, maji yakaingia chumbani. Alipouachia wenzo, springi ilijifyatua polepole ikalisukuma pistoni, na maji yakapenya katika kahawa kwa nguvu ya takribani mara 9 ya mgandamizo wa hewa. Maji hayakuhitaji tena kuwa ya moto kupita kiasi. Juu ya kikombe likatokea povu zito la rangi ya hudhurungi, jambo ambalo halikupata kuonekana. Wateja walilishuku wakidhani ni uchafu, ikambidi Gaggia awaeleze kuwa ni krimu ya kahawa yenyewe. Mwaka 1948 aliunda kampuni yake, na miaka michache baadaye ikatoa mashine ya nyumbani iliyoitwa Gilda. Mwaka aliofariki, kampuni nyingine ya Milan, Faema, ilitoa mashine ambayo pampu ya umeme ilifanya kazi ya springi. Mashine nyingi za nyumbani za leo ni wajukuu wa hiyo.

Tukirudi Gisenyi, basi, anayeingia dukani aulize kwanza kama mashine ina pampu. Zipo za bei ya chini kabisa zisizo na pampu, zinazotumia mvuke tu. Hizo zimerudi nyuma kabla ya 1938, nasi tunasema wazi zisinunuliwe. Mwenye fedha hiyo ni heri anunue birika la alumini la aina ya moka, alilolitoa Alfonso Bialetti mwaka 1933: nalo hutumia mvuke, lakini ni rahisi zaidi, halina cha kuharibika ila mpira wake, na hupika juu ya jiko la gesi hata umeme ukikatika.

Yenye pampu, hata iwe nafuu, inaweza kutoa kikombe chema. Maandishi ya bar 15 kwenye boksi yasimtie mtu wazimu, kwani huo ni uwezo wa juu wa pampu, na kahawa yahitaji 9 tu. Linalosahauliwa ni kinu. Gramu 7 hadi 9 za kahawa kwa kikombe zisiposagwa laini na kwa usawa, maji hupita mbio kama askari anayekwepa zamu, na pampu haina la kukandamiza. Kwa hiyo fedha igawanywe: kinu kizuri cha mkono kwanza, mashine baadaye. Asiyeweza vyote viwili abaki na birika.

Mkazi wa Gisenyi ana bahati ambayo Gaggia hakuwa nayo. Yeye alingoja buni zivuke bahari, ilhali miti ya kahawa aina ya arabika inaota katika vilima vilivyo juu ya Ziwa Kivu, na wakulima wake huuza karibu yote ng'ambo wakabaki wakinywa chai. Anayenunua aombe kahawa iliyokaangwa wiki hizi mbili tatu, isiyosagwa, na aitazame tarehe kwenye mfuko kabla ya kulipa.