Ibn Taymiyya na Mzozo wa Tauhidi

Ahmad bin Taymiyya alizaliwa mwaka 1263 katika mji wa Harran, miaka 23 baada ya Ibn Arabi kufariki mjini Damascus. Mwaka 1269 jamaa zake waliwakimbia Wamongolia wakahamia Damascus hiyohiyo, na huko ndiko alikosomea na kusomesha. Wasomaji wengi humchukulia kuwa adui wa usufi wote. Dhana hiyo haina mashiko. Alimheshimu Abdulqadir al-Jilani hata akaandika sharhi ya sehemu ya kitabu chake, na Ibn Arabi mwenyewe alimdhania mema mpaka alipokisoma Fusus al-Hikam.

Kilichomtia hofu humo ni suala la kuwako. Katika fikra ya Ibn Arabi, mwenye kuwako kwa hakika ni Mungu pekee, na viumbe ni madhihirisho Yake. (Istilahi ya wahdat al-wujud, yaani umoja wa kuwako, ilienezwa na waliokuja baada yake.) Kwa wafuasi wake, hiyo ndiyo tauhidi iliyokamilika. Ibn Taymiyya aliona kinyume chake: ukiondoka mpaka baina ya Muumba na kiumbe, hapabaki mwenye kuabudu wala mwenye kuabudiwa, na amri za sharia hupoteza maana. Hata hivyo alikiri kuwa, miongoni mwa wenye rai hiyo, Ibn Arabi ndiye aliyeukaribia Uislamu zaidi.

Naye hakusalimika. Alishikilia kuwa sifa za Mungu, kama vile Mkono na kuwa juu ya Arshi, zithibitishwe kama zilivyotajwa, bila ya kuulizia namna yake wala kuzilinganisha na za viumbe. Kwa sababu hiyo mwaka 1306 alishtakiwa kuwa anamfananisha Mungu na viumbe, akafungwa Cairo. Shutuma ya kuiharibu tauhidi, basi, aliitoa na kuipokea. Mwaka 1308 Masufi wa Cairo, wakiongozwa na Ibn Ataillah al-Iskandari, walimlalamikia kwa watawala. Mwaka uliofuata akahamishiwa Alexandria. Alirejea Damascus mwaka 1313.

Mwaka 1326 alifungwa tena, safari hii kwa fatwa yake ya kupinga safari za kuzuru makaburi. Mwaka 1328 alinyang'anywa karatasi na wino, na miezi michache baadaye akafia kifungoni katika ngome ya Damascus. Umati mkubwa ulilisindikiza jeneza lake mpaka kwenye makaburi ya Masufi, akazikwa humo kando ya nduguye.