Marcel Lihau, muamuzi aliyekataa amri ya Mobutu

Marcel Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 kule Bumba, katika Équateur. Wakati ule Wabelgiji hawakutaka mutu mweusi ajifunze sheria. Mapadri Wayezuiti walimusaidia, akaenda kusoma Louvain, na akakuwa mumoja wa Wakongomani wa kwanza kusoma sheria. Mwaka wa 1960, wakati wa Table ronde ya Bruxelles, aliwasukuma wanasiasa wetu washikamane, waseme kwa kinywa kimoja juu ya uhuru.

Mwaka wa 1963 aliwekwa doyen wa faculté ya sheria kule Lovanium. Njo yeye aliongoza kazi ya kuandika katiba ya Luluabourg, ile raia waliipigia kura mwaka wa 1964. Kisha Mobutu kukamata utawala, Novemba 1965, alimutuma Lihau atengeneze katiba ingine. Mwaka wa 1968 akamuweka Premier Président wa Cour suprême de justice. Mbele yake, hakuna mutu aliyeikalia kile kiti.

Hapo magumu ikaanza. Mobutu alitaka kila kitu kiingie ndani ya chama chake, MPR. Mwaka wa 1974 katiba ilibadilishwa: MPR ikakuwa institisio moja tu ya inchi, na tribinali nazo zikahesabiwa kama kiungo chake. Lihau alishikilia kwamba muamuzi anafuata sheria, hafuati chama. Mwaka wa 1975 walitaka atekeleze azabu kali juu ya wanafunzi walioandamana. Akakataa. Mobutu akamutosha kwa kazi, akamufungia nyumbani.

Wengi wangenyamaza. Yeye, mwaka wa 1982, alianzisha UDPS pamoja na Étienne Tshisekedi na wengine, wakati ambapo chama kingine kilikuwa kimekatazwa kabisa. Walimunyanganya haki zake, wakamutuma kuishi mbali, kijijini. Afya ikaharibika. Mwaka wa 1985 akakimbilia Marekani, akafundisha Harvard. Alirudi mwaka wa 1990 juu ya mazungumuzo ya kubadilisha utawala, kisha akaenda tena kujitunza. Alikufa kule Marekani tarehe 9 Aprili 1999.

Leo Cour suprême haiko tena: katiba ya 2006 iliigawanya mara tatu, Cour constitutionnelle, Cour de cassation na Conseil d'État. Katiba ile inasema pia kwamba muamuzi yuko chini ya sheria tu. Neno lile haliko la Kinshasa peke yake. Hapa kwetu Malemba-Nkulu, mutu akipeleka shauri la shamba ao la fasi ya kuvua samaki, na yule wanashitakiana naye iko ndugu ya mukubwa fulani, anabakia na tumaini moja: muamuzi mwenye kusoma sheria bila kuangalia sura ya mutu. Juu ya neno lile, Lihau alipoteza kiti, uhuru na inchi yake.